Seti ya ripea ya kabureta ya Beetle: gasketi safi, sindano ni balaa

Nilikusudia kuipa nyota tatu, maana gasketi zimekatwa vizuri na matundu yanakaa sawasawa kwenye kabureta ya Solex 34 PICT-3. Sifa ziishie hapo.

Shida ni sindano ya floti (boya), ile inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa. Hii haifungi! Kuipima ni kazi ya dakika moja: geuza kifuniko cha kabureta juu chini, bonyeza sindano taratibu kwa kidole, kisha puliza kwenye bomba la kuingizia petroli. Hewa isipite hata chembe. Hapa ilipita ikilia fyuu. Nikabadilisha washa, ile pete ya kuzuia uvujaji, nikidhani uvujaji uko kwenye nyuzi za kufungia sindano, wapi. Kwa lenzi ndipo nikauona mkwaruzo mle ndani, pale ncha inapokalia. Hiyo ni kazi ya mashine mbovu.

Pampu ya petroli haijui kwamba bakuli limefurika, inaendelea kusukuma. Petroli inashuka kwenye manifoldi, inaingia kwenye silinda, inapenya ringi za pistoni na kuchanganyika na oili. Injini hii hubeba lita 2.5 tu za oili, kwa hiyo haichukui muda oili kuwa nyepesi kama maji, na beringi ndizo zinazoumia. Chomoa dipstiki uinuse. Ikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda bila wewe kuongeza, usipige stata. Mwaga yote.

Muuzaji nilipomwandikia akanijibu, "Mpelekee fundi anayejua." Fundi gani atakayeziba mkwaruzo kwa maneno? Hata salamu hakuitikia.

Sindano ya zamani niliisafisha, nikairudisha, na inafunga kabisa, pamoja na uzee wake. Haki yake muuzaji lakini nimpe: daiafram (utando wa mpira) ya pampu ya eksileta, ile ndogo ya kwenye kabureta, mpaka sasa haijavimba, nayo petroli yenye ethanoli huumiza sana mipira. Basi nyota mbili. Nikilikumbuka lile jibu, moja.

Ukiinunua, inunue kwa ajili ya gasketi na daiafram. Sindano itafute kwingine, na uipulize kabla hujafunga skrubu tano za kifuniko. Hapohapo tikisa lile bomba la shaba la kuingizia petroli: likicheza, limelegea, na likichomoka petroli inamwagikia injini ya moto.