Uzoefu wangu: viungo vya njia vya GOV.UK kwa sisi tunaosoma tovuti kwa masikio

Natengeneza tovuti, na sioni. Kazi yote naifanya kwa NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, kwa hiyo ninachokisifu hapa nimekisikiliza.

Viungo vya njia ni ule mstari wa juu ya ukurasa, Mwanzo > Vitabu > Historia, unaokuonyesha uko wapi. Kwenye tovuti nyingi mstari huo ni kero. Alama ya > imechapwa kama maandishi ya kawaida, basi NVDA inaitamka kila inapoikuta kana kwamba unasomewa hesabu, na hakuna kinachokuambia kwamba viungo hivyo vinakwenda pamoja.

Serikali ya Uingereza, yenye tovuti ya GOV.UK, imeweka wazi vijenzi vya tovuti zake, yaani vipande vilivyo tayari vya kujengea kurasa; yeyote anaweza kuvichukua, na hiki cha viungo vya njia ndicho nilichokipenda zaidi. Nikibonyeza D narukia moja kwa moja kwenye eneo lake. Nasikia jina la eneo, kisha kwamba ni orodha na ina viungo vingapi. Vishale vimechorwa kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, havitamkwi kabisa. Tena mstari mzima umewekwa nje ya eneo la maudhui makuu, hivyo asiyeuhitaji anauruka kwa kile kiungo cha kwanza cha ukurasa, cha kwenda moja kwa moja kwenye maudhui makuu. Ni raha!

Jina la eneo limekuja kwa Kiingereza, ila linabadilishwa. Mimi nimeandika "Ulipo sasa", nikaweka lang="sw" kwenye ukurasa, yaani lugha yake ni Kiswahili, na sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, programu inayoipa NVDA sauti, ikalisoma vizuri.

Mawili sikubaliani nayo. Mifano yao inaishia kwenye ukurasa wa juu yako, haitaji ulipo wewe. Nauongeza ukurasa wenyewe mwishoni bila kiungo, pamoja na alama ya msimbo aria-current="page", ili NVDA iseme kwamba ndio ukurasa wa sasa. La pili ni lile chaguo la kuufupisha mstari kwenye simu: hubaki kiungo cha kwanza na cha mwisho tu. Kwenye tovuti ya ngazi nyingi, zile za katikati ndizo ninazozitafuta, kwa hiyo siliwashi.

Kwa fomu ya hatua kwa hatua usikitumie, na wao wenyewe wanakataza. Hapo weka kiungo cha kurudi nyuma. Kwa maktaba, duka au tovuti ya halmashauri, kichukue leo.