Raifo ya Kwanza kwa Mwindaji wa Pwani ya Kusini: Pitisha Noti Kabla ya Kutoa Noti

Bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa raifo ya mtumba yenye kitako cha mbao kilichong'aa kama mlango wa kale wa Mikindani uliotoka kupakwa mafuta, na muuzaji wa Dar es Salaam aliniapia kwamba mwenye nayo wa kwanza aliitunza kama mboni ya jicho. Nilisawazisha darubini mwezi Oktoba, katika kiangazi, na risasi tatu zikaangukia mahali panapoweza kufunikwa kwa kiganja. Kisha ikakaa ndani ya sanduku la chuma nyumbani kwangu, hatua chache kutoka baharini, mvua zote za Desemba hadi Aprili. Julai nikaenda nayo Liwale, kibali mkononi na askari wa wanyamapori pembeni. Mbawala dume alisimama mita 90 mbele yetu, nikamlenga nyuma ya bega, na risasi ikampiga pajani. Tulimfuata kwa matone ya damu kutwa nzima, na tulipompata jua lilikuwa linazama na mimi sikuwa na uso wa kumtazama yule askari.

Kosa halikuwa la mkono wangu. Fundi wa silaha alipofungua parafujo na kuutenga mtutu na mbao, tulikuta mambo mawili. Mbao ilikuwa imefura kwa unyevu, ikaugandamiza mtutu upande wa kulia na kuusukuma kando, na chini ya mtutu, mahali ambapo jicho halifiki, kutu ilikuwa imeota kama ukoga. Nje mbao ilikuwa na vanishi nzuri. Ndani ya mfereji unaoulaza mtutu haikuwa imepakwa kitu chochote, kwa hiyo ilikuwa ikinywa unyevu wa pwani kama sponji.

Hili ndilo jambo ambalo miongozo mingi ya kununua bunduki hulipita haraka, kwa sababu waandishi wake huishi mbali na chumvi. Huandika juu ya uzito, uzuri wa kifyatulio na kasi ya risasi, mambo ambayo muuzaji yeyote atawaeleza bila kuulizwa. Mimi nawaomba muanze na nafasi iliyopo kati ya mtutu na mbao. Mtutu hutikisika risasi inapopita, na ukiguswa na mbao mahali fulani leo na mahali pengine kesho, risasi nayo itakwenda pengine. Kwa anayeishi Nachingwea tofauti inaweza kuwa ndogo. Kwa anayesafiri na bunduki kutoka Lindi mjini hadi bara na kurudi, mbao hufura na kusinyaa kila safari.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, bolti, yaani komeo linalofunga nyuma ya mtutu, ikiwa imetolewa, chukueni noti ya shilingi 1,000, ile yenye sura ya Mwalimu Nyerere, muipitishe chini ya mtutu kuanzia mbele na kuivuta kuelekea chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Ikiteleza bila kukwama hadi karibu na chemba, mtutu uko huru. Ikikwama njiani, ulizeni kwa nini. Zipo bunduki zilizoundwa makusudi mbao iuguse mtutu kwenye ncha ya mbele, na hizo hupiga vizuri katika nchi kavu, lakini sioni sababu ya mwindaji mpya wa Mtwara kuanza na mzigo huo. Muuzaji anayekataa kipimo hiki kwa kudai kwamba mtachubua mbao, mshukuruni na muondoke.

Nachukulia kwamba msomaji ameshaanza taratibu za leseni polisi kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwamba anajua kuwa leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kuwinda, ambacho hupatikana kwa mamlaka za wanyamapori.

Nafasi ya kwanza naipa Tikka T3x Lite ya chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na sitajifanya kuwa sina upendeleo. Inatengenezwa Finland katika kiwanda cha Sako, mjini Riihimäki, na nchi ile ina theluji na maji ya kutosha kumfundisha mtengenezaji adabu. Kitako chake ni cha plastiki ngumu ambayo haifuri, noti hupita chini ya mtutu bila kusita, na bolti huteleza kama imepakwa mafuta hata isipopakwa. Bila darubini ina uzito usiofika kilo 3, jambo linalofaa kwa mtu anayetembea siku nzima katika miombo, ingawa wepesi huohuo humfanya mpigaji ausikie mrudisho begani. Magazini yake hubeba risasi 3 na ya akiba ni ghali kuliko inavyostahili. Hata chuma cha aina hii hushika kutu kikisahauliwa katika hewa ya bahari, kwa hiyo kitambaa chenye mafuta hakiepukiki.

Ya pili ni Howa 1500 ya Japani yenye kitako cha plastiki, ambayo ni nzito kidogo na imara sana. Ya tatu ni CZ 600 ya Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021, ikiwa mtachagua ile isiyo ya mbao. Mtutu wa kawaida uliotiwa rangi nyeusi ya kemikali haulindwi sana na rangi yenyewe, kwani rangi hiyo ni namna ya oksidi tu; kinacholinda ni mafuta. BRNO za zamani, raifo za Chekoslovakia zinazopatikana mikononi mwa watu, ni bunduki za heshima, na ukipewa iliyopita kipimo cha noti usiikatae, lakini vueni kitako muone chini kabla ya kulipa.

Za bei nafuu kama Ruger American hupiga vizuri kuliko bei yake. Vitako vyake ni laini mbele, basi msiviegemeze kwa nguvu.

Kuhusu risasi, vitabu vya Wamarekani huzungumzia kulungu wao mwenye mkia mweupe, ambaye kwetu hayupo. Swala pala dume wetu mara chache huzidi kilo 75, mbawala yuko karibu na hapo, ila kuro dume hupita kilo 200, na mtu hanunui bunduki tatu. Kwa sababu hiyo nachagua risasi ya .308 Winchester, iliyobuniwa mwaka 1952, yenye kichwa cha greni 165 au 180, yaani takriban gramu 11 hadi 12, cha aina inayotanuka mwilini. Anayependa .30-06 ya mwaka 1906 hajakosea. Kichwa ni cha kipenyo kilekile, kasi inazidi kidogo na mrudisho nao unazidi. Risasi ya .243 ya mwaka 1955 inatosha kwa swala lakini kwa kuro naiona nyepesi, na 6.5 Creedmoor ni nzuri mno, mradi muuzaji awe nazo dukani siku hiyo na si "zinakuja". Pofu na nyati si wanyama wa bunduki ya kwanza.

Madukani ndipo uchungu wangu ulipo. Katika duka moja nilitajiwa bei kwa dola, ilhali kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, na nilipoomba ya shilingi, kikokotoo kikatoka na bei ikapanda papo hapo. Katika duka la pili kijana aliniita mama mara sita na kunisukumia .243 kwamba ndiyo "ya akina mama", akafunga darubini nisiyoitaka juu ya bunduki niliyoitaka na kukataa kuzitenganisha. Kaeni mkijua kwamba darubini ya namna hiyo ndiyo inayobeba faida ya duka. Dai bei ya kila kitu peke yake, kwa maandishi, na nunua risasi za toleo moja zinazotosha kusawazisha na kuwinda, kwa kuwa toleo jingine laweza kupiga mahali tofauti.

Ile raifo yangu ya mbao bado ninayo. Fundi aliukwangua mfereji, akaupaka mafuta ya kitani tabaka tatu, na sasa haikai tena ndani ya mfuko wa sponji, ambao hutunza unyevu kuliko unavyotunza bunduki. Kila mwezi Mei, mvua zikishakatika, naipitishia noti. Mwaka huu ilikwama sentimita 4 kabla ya chemba.