TAHADHARI: Muuza "seti ya kisasa" kwa fremu za chuma, Tanga mjini

Jamani wenye baiskeli za resi za zamani, kuna mtu hapa mjini anauza vifaa vya kisasa "vinavyoingia fremu yoyote ya chuma". Mimi nimeshapigwa laki tatu na themanini, na fremu juu. Jina siandiki, sijui hata kama analotumia ni lake. Ila mwendo wake ni mmoja, mtamjua tu.

Yangu ni Peugeot ya mtumba, ya bluu. Niliikuta Ngamiani kwa mzee mmoja aliyekuwa akiitundikia ndoo. Ndani haina kutu, na kwa hewa yetu hii ya chumvi hilo si jambo dogo. Nilitaka gia nane na breki zinazoshika, niende Pongwe na kurudi bila kusoma dua kila nikikaribia makutano. Nikaona tangazo lake, nikapiga simu. Hakuuliza fremu ni ya nchi gani, wala upana wa nyuma ni kiasi gani. Aliuliza kimoja tu: "Unatuma hela leo?" Hapo ndipo ningekata simu.

Masharti yake ni kwamba hauzi bila kufunga. Niliona ni wema. Kumbe ndio mtego wenyewe, nitafika huko.

Akaja kijana na kiroba cha spana. Kwanza gurudumu la nyuma. Fremu yangu nyuma, kati ya ncha mbili zinazoshika gurudumu, ni milimita 126, nilishaipima. Resi za kisasa nyingi za breki za ringi ni 130, na chuma kinakubali kupanuliwa hizo nne, taratibu, huku unavuta uzi kutoka mbele kuhakikisha pande zote mbili zimesogea sawa. (Alumini usithubutu, itapasuka.) Yeye alileta 135, habu (kitovu cha gurudumu) ya baiskeli ya maunteni. Akapiga goti, akavuta kwa mikono miwili, "imekaa, bosi". Ilikaa, ndiyo, ila gurudumu limelalia upande wa kushoto mpaka mtoto wangu ameona.

Kubwa zaidi ni vikombe vya ekseli ya pedali. Peugeot za zamani nyingi, yangu ikiwemo, zina thredi (mistari ya skrubu) za Kifaransa: kipenyo milimita 35, hatua kati ya mstari na mstari milimita 1, na pande zote mbili unakaza kwa kulia. Alicholeta kimechorwa 1.37 x 24, yaani kipenyo inchi 1.37, thredi 24 kwa inchi. Hiyo ni ya Kiingereza, karibu milimita 34.8, na upande wa cheni hukazwa kwa kushoto. Tofauti ni unywele, kwa hiyo upande wa pili kikombe kinaanza kuingia vizuri, kinakudanganya, halafu kinagoma. Kilipogoma nilisema acha. Kijana akampigia bosi wake, simu ikiwa spika. "Kaza, hiyo ni rangi ya zamani tu." Akachomeka bomba kwenye spana. Nilisikia mlio kama wa kutafuna wali wenye kokoto, na chenga za chuma zikadondoka barazani, zinang'aa. Nimezihifadhi kwenye kopo, sijui kwa nini.

Nikadai hela yangu. Jibu: "Imeshafungwa, imeshatumika, hairudi." Mmeona sasa kwa nini hauzi bila kufunga?

Na vifaa vyenyewe ni feki. Boksi limeandikwa Shimano Claris, yaani seti ya gia za resi ya kampuni ya Shimano, lakini kile cha nyuma kinachohamisha cheni hakina namba yoyote. Cha kweli cha toleo la R2000 kinapigwa chapa RD-R2000 mwilini. Geuza uangalie kabla hujatoa hata shilingi.

Wenye Raleigh msijione mmepona. Nyingi za zamani za Nottingham, kiwandani kwao Uingereza, zina thredi zao wenyewe, 26 kwa inchi badala ya 24, na kikombe cha kawaida kitawafanyia haya haya. Ng'oa cha zamani kwanza, soma kilichochorwa, kama hakisomeki kipime kwa venia (kile kipimo cha kubana cha kupimia kipenyo). Muuzaji akikwambia hakuna haja, basi umeshampata.

Fundi mmoja wa Mabawa, huyu ni fundi kweli, amenitazamia. Anasema nyumba ya ekseli, yaani lile bomba la fremu vinamokazwa vikombe, inaweza kupanuliwa na kukatwa thredi za Kiitaliano, milimita 36, chuma kipo cha kutosha. Kifaa cha kukatia hapa Tanga hatujakipata. Mwenye nacho, au anayejua karakana yenye nacho hata Dar, aniandikie chini.

Kingine: anatumia picha ya baiskeli yangu kama tangazo, "kazi yetu". Ya bluu, utepe mweupe kwenye usukani, imeegemea ukuta wenye mlango wa kijani. Ukuta ni wa kwangu. Nimemwomba aifute mara mbili, leo asubuhi bado ilikuwepo.