Vijazo vya epoksi: nilichokiona kwenye mninga

Gundi ya epoksi ikiwa tupu ni nyepesi mno kwa kazi nyingi za useremala. Ukiimimina kwenye ufa inatokea upande wa pili, ukiipaka kwenye kiungo kilichosimama wima inachuruzika kabla haijashika. Ndiyo maana tunaichanganya na unga. Nimetumia aina tatu kukarabati samani hapa Dar, na kila moja naipima kwa kitakachofuata gundi ikishakauka: itabeba uzito, itapigwa msasa, au itaonekana?

Silika ni unga mweupe mwepesi kiasi kwamba ukipiga chafya umekwisha mezani. Kwa mguu wa kiti uliolegea sijaona mpinzani wake: unakaa pale pale ulipoupaka. Shida ni msasa. Sehemu yenye silika huwa ngumu, kwa hiyo msasa unakula mbao ya pembeni na kuacha kinundu katikati. Futa ziada ingali mbichi, na vaa barakoa unapochanganya, maana vumbi lake si la kuvuta.

Kwa nyufa zinazoonekana natumia vumbi la mbao yenyewe, lile la kwenye mfuko wa mashine ya msasa. La msumeno lina chenga, linaacha madoa. Liwe kavu kabisa. Jua pia kwamba vumbi la mninga likiloa epoksi linakoza rangi kuliko mbao iliyolizunguka, hata baada ya vanishi. Mimi hulipunguza makali kwa vumbi la mbao nyeupe kidogo, halafu najaribu rangi kwenye kipande cha kutupa. Naongeza na silika kiasi cha ncha ya kijiko ili lisishuke.

Maikrobaluni, yaani vile vitufe vidogo vyenye uwazi ndani, ni raha kwa mkono: msasa unateleza tu. Nilisawazisha nazo mlango uliokuwa unasubiri rangi na nikaridhika. Kwenye kiungo cha kubeba uzito usizitie, hazina nguvu hiyo.

Vyovyote utakavyochagua, changanya kwanza epoksi na hadena, yaani ile sehemu ya pili inayoigandisha, mpaka vikolee, kwa kipimo cha kwenye kopo; unga ndio ufuate. Kipimo hicho hakibadiliki kwa sababu umeongeza unga. Kabla ya kujaza, paka mbao epoksi tupu. Usipofanya hivyo mbao itainyonya gundi kutoka kwenye mchanganyiko wako na kiungo kitabaki na njaa. Na kwa joto letu, usiache mchanganyiko umerundikana kwenye kikombe: unajipasha wenyewe, unafuka moshi na kuganda ukiwa bado unatafuta klampu. Utandaze kwenye sahani pana.

Mwenye hela ya kopo moja tu la unga anunue silika. Vumbi analo tayari kwenye mashine yake.