Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: bei ni nzuri, ila itufikie kabla ya mvua

Nimekuwa nikinunua mbolea ya ruzuku ya serikali ya Kenya tangu mwishoni mwa 2022, wakati mfuko wa kilo 50 ulipokuwa shilingi 3,500, na nikaendelea nayo iliposhuka hadi 2,500 mwaka uliofuata. Nalima mahindi ekari tatu hapa Trans Nzoia, nyingine yangu, nyingine ya kukodi. Kwa mkulima anayejiuliza kama inafaa kuhangaika nayo: inafaa sana.

Mwaka ule wa 2022 mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipita shilingi 6,000 madukani. Majirani wengi waligawa mfuko mmoja kwa ekari mbili, wengine wakapanda bila chochote, na mahindi yakaota na majani ya zambarau kwa kukosa fosforasi. Mimi hutumia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari. Mifuko sita kwa bei ya ruzuku ya 2,500 ni 15,000. Kwa bei ile ya DAP madukani ingepita 36,000, na hapo ningelima ekari moja tu.

Wapo wanaodhani ruzuku ni pesa ya kutumiwa kwa simu. Hapana. Unaandikishwa kupitia kwa chifu: kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na unacholima. Baadaye unapokea ujumbe wenye nambari ya vocha, unaenda nao kwenye ghala la mbolea ya ruzuku, unalipa fungu lako, na serikali inabeba lililobaki.

Nambari ya simu ndiyo inayowakwamisha wengi. Jirani yangu mmoja, mama mjane, aliandikishwa kwa simu ya kijana wake aliye Nairobi. Ujumbe ulienda huko, kijana akadhani ni matangazo, akaufuta. Mama alienda ghalani na kitambulisho chake mkononi na akarudi mikono mitupu, ilhali jina lake lilikuwamo kwenye orodha. Liliniuma jambo hilo, kwa sababu mpango huu ulikusudiwa watu kama yeye. Tafadhali andikisha laini unayoishika mwenyewe, na kama una mzazi mkulima, nenda naye kwa chifu mhakikishe.

Lawama yangu kubwa ni wakati. Huku tunapanda masika yanapoanza, Machi mwishoni hadi Aprili, na mahindi yaliyochelewa hayazai kama yaliyowahi. Kuna msimu nilifika nikaambiwa mbolea ya kupandia imekwisha, iliyopo ni ya kukuzia. Ardhi imelowa, mbegu iko nyumbani, nifanye nini? Nilienda dukani nikanunua kwa bei kamili. Ruzuku iliyofika baada ya hapo haikunirudishia kitu. Bei ningeipa nyota tano, wakati nyota mbili.

Usafiri pia uhesabu. Bodaboda hunitoza 300 kwa mfuko, na anayeishi mbali zaidi hutozwa zaidi. Siku hizi sisi wa kijiji kimoja tunachanga, tunakodi pikapu moja, na gharama inashuka karibu nusu.

Sakata la 2024 la mbolea bandia iliyopenya hadi ndani ya mpango huu lilitutia hofu, na serikali ikaahidi kuwafidia walioathirika. Tangu hapo natunza risiti na kubakiza konzi moja ya kila mfuko hadi mahindi yaote vizuri, ili nikidai niwe na cha kuonyesha.

Kingine: pima udongo. Mashamba mengi ya huku yana asidi, na DAP ya kila mwaka huizidisha. Nilipoweka chokaa kwanza, mbolea ileile ilifanya kazi vizuri zaidi.

Ombi langu kwa wanaosimamia ni hili: vocha zitumwe Januari, tukiwa bado tunalima, na ghala liwe na mbolea ya kupandia kufikia Februari mwishoni. Pesa ya kulipia tunayo wakati huo, maana ndipo tunapouza mahindi ya msimu uliopita.