Skrini inasema 65, tairi limebaki nyaya: uzoefu wangu na kifaa cha upepo wa tela

Naandika hasira ikiwa bado haijatulia. Kama unatafuta kifaa cha kukuonyesha upepo wa matairi ya tela, kwangu mimi ni nyota moja, usinunue. Huenda nikifika mwisho nitakuwa nimesema vingine, maana kila nikilikumbuka jambo hili linanijia upya.

Nakodisha mahema, viti na jenereta za sherehe hapa Kigoma, nakaa Mwanga. Mzigo wangu unakwenda na tela la matairi manne, mawili kila upande, linavutwa na Hilux ya siku nyingi. Anayeendesha ni mtoto wa dada yangu, ananiita mamdogo, na mimi nakaa kushoto kwake na simu zangu na daftari la madeni. Sasa tela la namna hii lina ubaya wake. Gari likipata pancha, usukani unakwambia. Tela halisemi. Tairi moja likiisha upepo, mwenzake wa pembeni anabeba mzigo wa wawili, ninyi huko mbele mnapiga stori, nyuma tairi linajisaga, linachemka, mpaka linapasuka. Mara nyingine linamharibu na mwenzake. Yamewahi kunikuta kabla sijawa na kifaa chochote, najua ninachosema.

Ndiyo maana kijana aliponiambia, "Mamdogo, kuna vifuniko vyenye sensa, unafunga kwenye valvu, unasoma upepo ukiwa umekaa ndani ya gari," sikubishana naye. Msimu wa harusi ulikuwa unakaribia. Nikaenda dukani, na duka lenyewe sitalitaja.

Muuzaji ni kijana mdogo tu. Siku hiyo aliniamkia, "Shikamoo mama, karibu, kaa hapo kwenye kiti," akaniletea na maji. Boksi lilikuwa na picha nje, zuri, ila utepe wake ulikuwa umeshakatwa. Nikamuuliza mbona limefunguliwa. Akasema, "Tulikijaribu kwanza mama, tusije tukakupa kibovu." Nikaona nimekutana na mtoto aliyelelewa. Nikalipa hela ambayo ni kama mapato ya mahema mawili kwa siku, nikaondoka.

Wiki za kwanza nilikipenda kweli, siwezi kudanganya. Skrini ndogo imekaa juu ya dashibodi, inajichaji kwa jua, kila tairi na kisanduku chake chenye namba. Kilinifundisha kitu ambacho miaka yote nimekuwa nakikosea. Asubuhi matairi yakiwa ya baridi tunajaza 65 yote, kwa kipimo cha psi kilicho kwenye geji. Ikifika saa sita na jua letu hili, barabarani, yanapanda yenyewe 71, 72. Zamani vijana wangu wakipima mchana na geji wakaona yamezidi walikuwa wanapunguza, fusss, mpaka yarudi 65, halafu usiku yakipoa tunalala na matairi malegevu tukidhani yana upepo. Kumbe ule unaozidi mchana ni joto tu, hauguswi. Upepo unapimwa asubuhi kabla gari halijasogea. Kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kukipa nyota nne.

Ikaja Jumamosi moja. Harusi Kasulu, mahema matano, viti mia tatu na kitu, mabomba ya chuma tumeyalaza katikati ya tela toka mbele hadi nyuma. Tumetoka alfajiri, tumepita Mwandiga, Kidahwe tukakunja kuelekea Kasulu. Mimi jicho langu halitoki kwenye skrini. Jua limeshakuwa kali. Matairi matatu yamepanda, moja 69, mawili 70. La nyuma kulia limekaa palepale, 65. Nikamwambia kijana, lile la nyuma kulia ndilo lililotulia kuliko yote.

Mara bodaboda anatukimbiza anapiga honi. Nikadhani anataka njia. Akaja mpaka usawa wa dirisha langu, anagonga mlango kwa kiganja, anapaza sauti, "Mama! Mama, nyuma huko moto!"

Tukasimama. Nilisikia harufu kabla sijaona, harufu ya mpira unaoungua ambayo inakaa kooni. Lile la nyuma kulia halikuwa tairi tena. Ulikuwa utepe wa mpira umening'inia kwenye rimu, nyaya zimechomoka kama nywele, rimu yenyewe imeshakula lami hata imeanza kung'aa. Moshi unatoka. Kijana alisogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu akakirudisha hapohapo. La mbele yake lilikuwa limevimba ubavuni, nundu ya ukubwa wa chungwa. Na kile kifuniko chenye sensa? Hakikuonekana. Kilikuwa kimekatika na valvu yake huko nyuma tulikotoka.

Nikarudi kwenye gari, nikaitazama skrini. 65.

Haijalia. Haijawaka nyekundu. Tairi halipo, sensa haipo, yenyewe bado inaniandikia 65 kwa utulivu kabisa. Nilikaa pale mlango uko wazi naitazama ile namba. Nadhani sijawahi kuchukia kitu kisicho na roho kama nilivyoichukia ile namba.

Ya harusi nitayapitia haraka kwa sababu yanauma. Spea ilikuwa moja, yaliyoharibika mawili. Tulipofika Kasulu watu walikuwa wanakula wamekaa chini ya miembe, akina mama na vitenge vichwani kwa ajili ya jua, na baba mkubwa wa bwana harusi hakupokea mkono wangu. Nilirudisha hela yote. Wala hawakuniomba, ila ningeibakiza na uso gani?

Jumatatu nikaenda dukani na boksi langu, skrini na vifuniko vitatu vilivyobaki. Yule yule kijana. Shikamoo hakuna. Hakunyanyua hata macho kwenye simu. Akasema, "Sema."

Sema! Mimi niliyemzidi mama yake, labda.

Nikameza, nikamweleza taratibu. Akachukua skrini, akaiwasha, akasema, "Si inawaka hii?" Nikamwambia inawaka lakini inadanganya. Akacheka. Wateja walikuwepo, wanaume wawili na dada mmoja aliyekuja kununua waya. Akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mama, mzigo ukishatoka dukani haurudi. Na mambo ya gari waachie madereva, wewe baki na maturubai yako." Nyuma yake kwenye rafu kulikuwa na vikasha vidogo vyeusi vitatu, kila kimoja kwenye mfuko wa nailoni, vimebandikwa bei. Niliviona kwa macho yangu haya. Sikujua ni nini. Nilitoka mle nikiwa natetemeka, na sikulia mpaka nilipofika kwenye gari.

Aliyenifungua macho ni fundi umeme wa magari kule Gungu. Mzee mtulivu, hana maneno mengi. Alilitazama lile boksi, akaweka kidole juu ya picha, akaniuliza, "Mama, na hiki kiko wapi?" Pembeni ya skrini, kwenye picha, kuna kikasha cheusi, kama kiberiti kikubwa, kina antena fupi na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nikasema sikupewa. Akasema, "Basi hukupewa kifaa. Hii ndiyo ripita."

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Kile kifuniko cha kwenye valvu kina kabetri kama ka saa, na kanarusha mawimbi kwa nguvu ndogo sana. Kwenye gari dogo yanafika. Kwenye tela yanatakiwa yapite sakafu ya chuma, mabomba yangu ya chuma, bodi ya Hilux, ndipo yaifikie skrini. Mengine hayafiki. Ripita inafungwa kwenye tela lenyewe, inakula umeme wa taa za tela, inapokea kile kisauti kidogo na kukirusha upya kwa nguvu mpaka mbele. Bila hiyo, skrini ya aina yangu ikikosa habari mpya haikwambii kwamba imekosa. Inaendelea kuonyesha ya mwisho iliyoipata. Ile 65 ilikuwa ya alfajiri, pale nyumbani Mwanga, tela halijapakiwa hata bomba moja.

Kwa hiyo yale matatu yaliyopanda na lile moja lililotulia, hiyo ndiyo ilikuwa dalili. Ukiwa barabarani mchana, namba isiyosogea kabisa ndiyo ya kuogopa. Simama, shuka, kalitazame tairi.

Akaniambia na jingine ambalo huyo muuzaji hakulitaja. Valvu zangu zilikuwa za mpira, na vile vifuniko vina uzito. Gurudumu likizunguka kwa kasi uzito unaivuta valvu, inapinda huku na huku, na mwisho inachanika shinani, upepo unatoka. Pengine hata tairi langu ndivyo lilivyoanza kuisha, kwa kile kile kifaa cha kulilinda. Akang'oa zote, akaweka za chuma. Vikasha vile vyeusi alinielekeza vinapouzwa Kigoma, na ni duka lile lile. Sikwenda. Binti yangu alininunulia Dar, akakituma kwa basi.

Huyo binti ndiye aliyeniambia kwamba Marekani sheria inalazimisha magari madogo yawe na kifaa hiki toka kiwandani, yote kuanzia yale ya mwaka 2008, na taa lazima iwake upepo ukishuka asilimia 25. Tela halikuwekwa kwenye sheria hiyo, mwenye tela huko ananunua mwenyewe kama mimi. Nikapiga hesabu. Asilimia 25 ya 65 ni kama 16, taa iwake ikifika 49. Kwa tela lililobeba mahema, 49 ni kuchelewa. Mimi nimeweka yangu ilie ikifika 57.

Na imelia. Hapa ndipo moyo wangu unapogawanyika. Usiku mmoja tunarudi kutoka Manyovu, tuko kwenye miteremko ya Kalinzi, mnajua kona za kule, tela linasukuma gari kwa nyuma. Skrini inasoma 64. Nikageuka kutafuta maji, natazama tena, 61. Nikasema ngoja. 59. Kijana akaanza kupunguza mwendo kabla sijamwambia. Ilipopiga kelele tulikuwa tumeshaingia pembeni. Tukashuka na tochi. Msumari, kichwa chake kimesuguliwa na barabara mpaka kimekuwa cheupe, na ukisogeza sikio unasikia upepo unavyotoka, ssss, taratibu. Tairi lilikuwa bado zima. Tukabadilisha, tukala ndizi za kuchoma, tukashuka zetu. Bila ile skrini sijui tungefika kona ya ngapi.

Basi nyota moja si haki. Kifaa ni kizuri. Kikiwa kamili, valvu za chuma, namba zimewekwa asubuhi, nakipa nyota nne, tena ningesema kila mwenye tela awe nacho. Ile ya tano naizuia kwa sababu ukitaka kujaza upepo lazima ufungue kifuniko kwanza na kispana chake, na hicho kispana kikipotea umekwama.

Nilikuwa nimeamua kuishia hapa. Lakini juzi nilipita pale dukani. Nilikuwa naenda kwa fundi cherehani, sikuwa na nia yoyote. Kuna mama amesimama kaunta, mtu mzima kama mimi, mkononi ana boksi lile lile, picha ile ile, na utepe umekatwa. Miguu ikaniingiza yenyewe.

Nikamsalimu yule mama. Nikamuuliza, "Dada yangu, una tela?" Akasema analo, anapeleka mawese Tabora. Nikamwambia, "Fungua boksi, hesabu vilivyomo, halafu hesabu vilivyo kwenye picha."

Akafungua pale pale kaunta. Vifuniko, skrini, kispana, kitabu. Kikasha cheusi hakipo. Nikanyanyua mkono nikamwonyesha rafuni, viwili vimekaa kwenye nailoni zake. Muuzaji akaanza kusema kile kinauzwa peke yake, kampuni ndivyo inavyoleta. Yule mama hakumjibu. Alirudisha kitu kimoja kimoja ndani ya boksi, akalifunga, akalisukuma mpaka upande wa pili wa kaunta, akaweka hela yake kwenye pochi.

Niondoe zile nyota nne. Kifaa hakina kosa, lakini mkikikuta kimefunguliwa, kiacheni, hata kama hakuna kingine Kigoma nzima.

Tulipokuwa tunatoka, yule kijana akaniita. "Shikamoo mama."

Sikuitikia.