Kinga za saji kwa kiwanda: ipi ununue kwanza

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mwenye kiwanda cha samaki Mwanza hahitaji kuambiwa. Si lazima radi ipige paa lako. Ikipiga laini nguzo kadhaa kutoka kwako, umeme hupanda ghafla kwenye waya (hiyo ndiyo saji), na mara nyingi kinachokufa si mota bali kadi ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) au ya invata (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota). Friji gadi haisaidii hapa: saji huja na kuisha ndani ya mikrosekunde, kabla haijakata.

Ya kwanza: Aina 1+2, bodi kuu. Kama umeme wako unakuja kwa nguzo, au jengo lina fimbo ya radi, anza na hii. Aina 1 hupimwa kwa wimbi la mkondo la 10/350 (mikrosekunde za kupanda na za kushuka hadi nusu), linaloiga radi yenyewe. Aina 2 kwa 8/20, ambalo ni jepesi zaidi. Tafuta Iimp, yaani mkondo wa radi ambao kinga hustahimili kwenye wimbi la 10/350, ya 12.5 kA kwa kila waya. Muuzaji atakuonyesha Imax (mkondo wa juu kabisa wa wimbi jepesi la 8/20) kubwa iliyochapishwa mbele. Mwache aseme, wewe soma Up, yaani volti zinazobaki kinga ikishafanya kazi. 1.5 kV ni nzuri. Halafu Uc, yaani volti ambazo kinga hustahimili muda wote: 275 V ni ndogo mno kwa laini ambazo nyutro hukatika na volti kupanda, mimi huchukua 320 V, hata kama Up itapanda kidogo. Na kama ethi yako ni fimbo yako mwenyewe tu (mfumo wa TT), agiza muundo wa 3+1 (kinga tatu kati ya fezi na nyutro, na moja kati ya nyutro na ethi), la sivyo umenunua kifaa kisichofaa.

Ya pili, na wengi huisahau: kinga ya waya za ishara. Sensa ya tangi iliyo nje ya jengo huleta saji moja kwa moja kwenye PLC, bila kupita bodi kuu. Chagua kwa aina ya ishara: ya 24 V kwa 4-20 mA (ishara ya mkondo ya sensa), ya volti ndogo zaidi kwa RS-485 (waya wa mawasiliano ya data). Usizichanganye, maana kinga ya volti kubwa itaiacha RS-485 iungue. Waya ukiwa mrefu, weka kinga pande zote mbili.

Ya tatu: Aina 2 ndani ya paneli ya mashine, kama iko zaidi ya mita 10 kutoka bodi kuu.

Ya mwisho: Aina 3, zile za kwenye soketi. Peke yake ni kupoteza pesa.

Kazi ya fundi ina uzito kuliko chapa. Waya za kuunga kinga, ule wa kutoka laini na ule wa kwenda ethi kwa pamoja, zisizidi nusu mita. Kila mita ya ziada huongeza takribani 1 kV juu ya ile Up uliyoilipia. Fyuzi ya kuilinda kinga yenyewe iwe ya ukubwa uliotajwa na mtengenezaji. Nunua yenye katriji za kuchomoa na kidirisha kinachogeuka chekundu ikifa. Kwa pampu isiyo na mtu wa kuiangalia, lipia yenye kiunganishi cha kutoa ishara, kwa sababu kinga iliyokufa haizuii mashine kuendelea kufanya kazi, na hakuna atakayekwenda kutazama kidirisha.